Laini ya mbele ya Michigan: 2020 aibu, 2021 bora Marekani nzima. Kilibadilika nini?

#1 Mkanda_wa_Jumatatu
Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo nimelirudia kwenye mikanda mara nyingi na bado halijanikaa sawa. Nazungumzia mpira wa Kimarekani wa vyuo, na laini ya mbele ni wale watano wanaozuia walinzi: senta katikati, gadi wawili kandokando yake, tekoli wawili nje yao. Chuo Kikuu cha Michigan 2020 walicheza mechi 6, wakashinda 2. Wisconsin walikwenda Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, wakaondoka na ushindi wa 49-11. Yadi za kukimbia na mpira zilikuwa 131 hivi kwa mechi. Mwaka uliofuata, chuo kilekile, kocha mkuu yuleyule Jim Harbaugh, vijana wengi walewale: ushindi 12, yadi 214 hivi kwa mechi, na laini ya mbele ikabeba Tuzo ya Joe Moore, ile ya laini bora ya vyuo, wanayopewa watano wote kwa pamoja. Tarehe 27 Novemba 2021 wakaichapa Ohio State 42-27 kwa yadi 297 za kukimbia. Hassan Haskins peke yake alipiga yadi 169 na tachidauni 5, yaani mara 5 aliufikisha mpira hadi mwisho wa uwanja.

Hoja yangu ni kwamba ni kocha. Ed Warinner aliondoka Januari 2021, na laini akakabidhiwa Sherrone Moore aliyekuwa akifundisha mataitendi, wale wanaojipanga ubavuni mwa tekoli, kuzuia na kupokea pasi. Anayepinga apinge kwa vielelezo.

#2 Chai_ya_Rangi
Napinga. Naweka maji jikoni, narudi.

#3 Kalamu_Nyekundu
Mleta mada umeanza hadithi katikati. Rudi 2019. Katika drafti ya NFL ya 2020, ligi ya kulipwa inapochagua vijana wa vyuo, laini ya Michigan ilitoa watu wanne: Cesar Ruiz raundi ya kwanza, Ben Bredeson ya nne, Michael Onwenu na Jon Runyan ya sita. Wanne kati ya watano! Aliyebaki ni Jalen Mayfield, tekoli wa kulia, naye 2020 alicheza mechi mbili akaumia. Ryan Hayes, tekoli wa kushoto, akaumia pia. Andrew Stueber aliyeanza msimu kama gadi wa kulia akasogezwa nje kuwa tekoli, na nafasi yake akaingia Zak Zinter, kijana wa mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo 2020 ndiyo iliyokuwa ajabu, si 2021. Ukichukua bonde ukalilinganisha na tambarare, tambarare itaonekana mlima. Watu walipona, wakarudi kwenye namba zao: Hayes, Trevor Keegan, Andrew Vastardis, Zinter, Stueber, kutoka kushoto kwenda kulia. Kocha angekuwa hata jirani yangu, wangepanda tu.

#4 Gepu_A
#3 sawa kwa majeruhi, lakini kupona hakumfundishi mtu kuchomoka. Angalieni walichokuwa wanafanya, si walikuwa nani.

2021 walijikita kwenye mchezo wa gepu (nafasi kati ya wazuiaji), wenye aina zake: pawa, kaunta na duo. Kwa wageni wa mada: kwenye zoni wote watano wanapiga hatua upande mmoja, kila mtu na eneo lake, na mbeba mpira anasoma upenyo. Kwenye gepu unajua tangu mwanzo mpira unapita wapi. Pawa ikienda kulia, gadi na tekoli wa kulia wanapiga kuelekea ndani, mlinzi wa pembeni anasukumwa nje na taitendi, halafu gadi wa kushoto anachomoka, anapita nyuma ya senta, anaingia kwenye tundu kumtafuta lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa kwanza. Kaunta inageuza kazi: gadi anayechomoka ndiye anayemsukuma wa pembeni, na anayemfuata nyuma, taitendi au tekoli, ndiye anayeingia kwa lainibeka.

Kizuri cha gepu ni pembe. Huhitaji kumshinda nguvu mtu wa pauni 320 uso kwa uso, unampiga ubavuni akiwa anatazama mbele. Laini ya wastani yenye pembe nzuri inafanana na laini kali.

Ila kuna mtego. Mlinzi wa pembeni akibana ndani na kujitupa chini ya gadi anayechomoka, tundu linazibwa na watu wanarundikana. Gadi asiyezoea atamsukuma nje hivyohivyo, na mbeba mpira atagota mgongo wake. Anayejua atamzungushia mwili kwa nje, amfungie ndani, mpira utokee pembeni. Uamuzi huo ni wa kufumba na kufumbua. Angalieni 2021, halafu linganisheni na 2020.

#5 Mzee_wa_Skramu
Salamu kutoka Nakuru. Sisi watu wa raga hatushangai. Skramu haipimwi kwa uzito wa mtu mmojammoja. Wanane wazito wakisukuma kwa nyakati tofauti, wanane wepesi wanaosukuma pamoja watawarudisha nyuma. Naona hata hapa ni vile vile, hasa kwenye hiyo duo. #4, hebu fafanua wawili wanavyombana mmoja. Hapo ndipo naona pana utamu.

#6 Gepu_A
Mzee umenigusa penyewe. Chukua senta na gadi wa kulia dhidi ya mlinzi wa kati aliyesimama katikati yao.

Hatua ya kwanza ni fupi, nchi 6 hivi, na kila mmoja anaanza na mguu ulio karibu na mwenzake. Nyonga ya huyu inagusa nyonga ya yule, karatasi isipite. Mikono inapiga kifuani, viwiko ndani, vidole gumba juu. Mabega yanabaki yametazama mbele. Halafu, na hapa ndipo wengi hufeli, macho hayamtazami unayemsukuma. Yanamtazama lainibeka aliye nyuma yake yadi 4 au 5. Mlinzi wa kati unamsikia kwa mwili tu. Mnamrudisha nyuma yadi moja, mbili, mkimpeleka kwenye miguu ya lainibeka. Lainibeka akipita upande wa senta, senta anamwachia mwenzake yule mnene na kumpokea. Akipita upande wa gadi, gadi ndiye anatoka.

Makosa ni mawili. La kwanza, kutoka mapema: unamwona lainibeka ametikisika, unamkimbilia, mlinzi wa kati anapenya katikati yenu na kumdaka mbeba mpira nyuma ya mstari. Hilo ndilo kosa la vijana wenye papara. La pili, kuchelewa: mmemsukuma mnene hadi raha, mnajisifu, kumbe lainibeka amepita pembeni na kumwangusha mtu baada ya yadi 2. La pili ni bora kuliko la kwanza, maana yadi 2 si hasara. Kocha mwenye akili huwaambia vijana wachelewe.

Hilo halinunuliwi wala haliji kwa kunyanyua vyuma. Ni wawili walewale, bega kwa bega, marudio kwa mamia.

#7 Vyuma_Asubuhi
"Haliji kwa kunyanyua vyuma," eti. Bila mapaja hiyo yadi moja ya kumrudisha mtu itatoka wapi? Ben Herbert alishika mazoezi ya nguvu Michigan tangu 2018. Mtu wa laini anaingia chuoni ana pauni 280 na mafuta ya ujana, anahitaji miaka mitatu kufika 310 za misuli. Ndiyo maana laini nyingi nzuri ni za watu wa mwaka wa nne na wa tano. Halafu 2020 korona ikafunga kampasi, mazoezi 15 ya majira ya kuchipua yakafutwa, vijana wakarudishwa kwao. Kipindi hicho ndicho laini mpya inapofinyangwa. 2021 mazoezi yakarudi.

#8 Kalamu_Nyekundu
#7 unajipinga mwenyewe. Kama Herbert alikuwepo tangu 2018, hawezi kuwa sababu ya mruko wa ghafla 2021. Korona nayo ilifunga vyuo vyote. Alabama ndio waliochukua Tuzo ya Joe Moore 2020, au wao hawakuguswa?

#9 Vyuma_Asubuhi
Walifungiwa wote, ila si wote waliokuwa wanabadilisha watu wanne kati ya watano. Umesema mwenyewe kwenye #3. Wenye laini iliyokwisha kuiva walipoteza kidogo, aliyekuwa anaanza upya akapoteza mwaka. Hoja yako na yangu ni ndugu, mkuu, wewe tu hutaki undugu.

#10 Hesabu_Haidanganyi
Ngoja niwaharibie sherehe. Mechi 6 si sampuli. Wisconsin peke yake inatosha kuvuta wastani chini. Halafu 2021 walianza na Western Michigan, Washington na Northern Illinois. Northern Illinois walifungwa 63-10. Washington walipigwa yadi 343 za kukimbia. Ukianza msimu hivyo, wastani unanenepa mapema.

Kipimo changu ni mechi ngumu. Rutgers mwezi Septemba 2021: kipindi cha pili ofensi (upande wa kushambulia) ilikwama, wakaponea 20-13. Na nusu fainali dhidi ya Georgia, 34-11, laini hiyohiyo yenye tuzo ilizidiwa usiku kucha. Bora Marekani nzima? Labda bora kati ya wale ambao hawajakutana na Georgia.

#11 Mkanda_wa_Jumatatu
#10 umeruka Ohio State makusudi. Yadi 297 hukuziona? Na Washington ni timu kubwa ile, si ya kubeza.

#12 Hesabu_Haidanganyi
Sikuruka, nimeiacha iwasaidie ninyi 😂. Washington kubwa kwa jina. Mwaka ule walimaliza 4-8, ushindi 4, vipigo 8.

#13 Bibi_Taitendi
Mnabishana kuhusu watano, wakati waliokuwa wanazuia ni sita, saba. Joel Honigford alitoka kwenye laini 2021 akahamishiwa taitendi. Maana yake Michigan walikuwa wanaingia na mtu wa laini aliyevaa jezi ya taitendi, pamoja na Luke Schoonmaker na Erick All. Hapo ulinzi unaongeza gepu moja la kulinda. Wakileta beki mmoja chini kuziba, huko nyuma panabaki wazi.

Sasa unganisheni na #1. Moore alikuwa anafundisha nani kabla? Mataitendi. Mtu anayejua kazi ya taitendi na ya tekoli huwafundisha lugha moja. Kubana wawili kwa tekoli na taitendi ni mahali ambapo makocha wawili tofauti hukosana: huyu anasema anza na mguu wa ndani, yule anasema wa nje. Matokeo mnayaona uwanjani, watu wanakanyagana.

#14 Mwanafunzi_Mvivu
Samahani wakuu, swali la kijinga: kwa nini mnaandika "tekoli"? Mbona nimeona mahali wameandika kwa kifupi zaidi?

#15 Bibi_Taitendi
Kifupi hicho ukikisoma kwa sauti mbele ya wakwe utajua kwa nini tumeongeza silabi.

#16 Mzee_wa_Skramu
😂😂 Na kazi yenyewe ni ya kurudi kinyumenyume. Bibi acha tu.

#17 Mfukoni_mwa_Kwotabaki
Nyote mmezungumzia kukimbia. Je, kumlinda mpiga pasi? Hapo laini husifiwa na kulaumiwa kwa makosa ya mtu mwingine. 2020 kwotabaki, yaani huyo mpiga pasi, alianza Joe Milton, mkono kama mzinga, lakini mpira ulikaa mkononi. 2021 Cade McNamara, mkono wa kawaida, ila mpira unatoka kwa wakati. Tekoli anaweza kumzuia mlinzi wa pembeni sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika. Baada ya hapo hata malaika anaangushwa. Badilisha kwotabaki, laini "itaboreka" bila mtu kugusa laini.

Hata hivyo kuna kitu kimoja kweli ni cha laini: kupokezana walinzi wanapobadilishana njia. Mlinzi wa kati anachomoka kwa nje kumvamia tekoli, wa pembeni anazunguka nyuma yake kuingia ndani. Gadi anatakiwa amsukume yule wa kati amfikishe kwa tekoli, arudishe macho ndani, ampokee anayezunguka. Sharti ni moja: gadi na tekoli wawe kwenye kina kimoja kutoka mstarini. Tekoli akirudi yadi 3 na gadi akabaki yadi 1, hawawezi kukabidhiana, watagongana, na mtu atapita bila kuguswa. Ukiona kwotabaki kaangushwa na mtu ambaye hakuzuiwa na yeyote, usimlaumu mmoja. Rudisha mkanda uone miguu ya wawili.

#18 Kalamu_Nyekundu
Hiyo #17 inaniunga mkono. Kina kimoja kinatokana na kuzoeana, na kuzoeana kunatokana na kubaki namba moja. 2020 watu walihamishwa kama viti vya harusini.

#19 Gepu_A
Au kinatokana na kufundishwa kina kimoja 😏. Vilevile usisahau sheria: wakati wa msimu mchezaji wa chuo ana saa 20 tu za mazoezi kwa wiki. Ukiwa na michezo 12 ya kukimbia, kila mmoja unaupa muda kiduchu. Ukiwa na 4, unaurudia dhidi ya kila mpangilio wa ulinzi. Ukiniuliza mimi, kuboreka kwa ghafla mara nyingi ni kocha kufuta nusu ya daftari.

#20 Mkanda_wa_Jumatatu
Naongeza mbao kwenye moto. 2022 Vastardis kaondoka, kaja Olusegun Oluwatimi kutoka Virginia. Mtu mpya, katikati kabisa ya laini, na bado tuzo ikabaki Ann Arbor. Yeye akachukua Outland, tuzo ya mtu bora wa laini za ndani, na Rimington, ya senta bora, juu yake. #18, kuzoeana kuko wapi hapo? Ni kocha! Tuzo tatu mfululizo si bahati.

#21 Hesabu_Haidanganyi
Mbili. 2021 na 2022. Ya 2023 walichukua Washington.

#22 Mkanda_wa_Jumatatu
Mbili, nimekubali. Lakini Januari 2024 Washington hao na tuzo yao walikutana na Michigan fainali: 34-13, tachidauni moja tu waliipata, na Michigan wakakimbia yadi 303.

#23 Kalamu_Nyekundu
Tachidauni moja ya Washington ni sifa ya ulinzi wa Michigan, usitie kwenye kapu la laini. Na Oluwatimi si ushahidi wa kocha, ni ushahidi wa soko. Kuanzia 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo bila kukaa benchi mwaka mzima. Walikwenda dukani wakanunua senta aliyeiva. 2023 wakafanya tena: Drake Nugent kutoka Stanford, LaDarius Henderson kutoka Arizona State. Senta aliyecheza miaka mitatu kwingine anakuja na kichwa kilichokwisha kusoma ulinzi. Unambadilishia msamiati tu.

#24 Bibi_Taitendi
"Unambadilishia msamiati tu," kama vile ni kitu kidogo! Senta ndiye anayemtaja lainibeka wa kati kabla mpira haujatoka, na wote wanne wanahesabu watu wao kuanzia hapo. Akikosea mmoja, wamekosea watano kwa pamoja, tena kwa utaratibu mzuri kabisa. Ugenini kwenye kelele anatumia ishara ya kimya: gadi anamgusa, yeye anatikisa kichwa, anahesabu moja, anautoa. Tekoli asiyesikia kitu anauangalia mpira kwa pembe ya jicho na kuchelewa robo ya sekunde, na mlinzi wa pembeni hahitaji zaidi ya hiyo. 2022 Michigan walikwenda Columbus, nyumbani kwa Ohio State, na senta mgeni wakarudi na 45-23. Huyo mtu alifundishwa.

#25 Mzee_wa_Skramu
Na ile ya Zinter kuvunjika mguu dhidi ya Ohio State 2023? Karsen Barnhart akatoka tekoli wa kulia akaingia gadi, Trente Jones akaingia tekoli, na mchezo uliofuata hapohapo Blake Corum akakimbia yadi 22 hadi tachidauni. Namba mbili zimebadilika kwa mpigo na haikuyumba.

#26 Gepu_A
Mzee, hapo ndipo nami huwa nanyamaza kidogo. Barnhart alishacheza karibu kila namba ya laini ile kwa miaka minne. Viti vya harusini vya #18 hivyohivyo, ila mara hii vimekalika. Kuhamishwa 2020 kuliwaumiza, na huenda ndiko kulikomfanya Barnhart wa 2023.

#27 Vyuma_Asubuhi
Miaka minne ya vyuma pia, ila sitaki ugomvi.

#28 Hesabu_Haidanganyi
Jaribio la mwisho: 2024. Moore kapanda kuwa kocha mkuu, laini kashika Grant Newsome, na ofensi ikashuka sana. Mkanda_wa_Jumatatu atasema, "Mnaona? Kocha!" Lakini watano walioanza dhidi ya Ohio State 2023 waliondoka wote, na kwotabaki J.J. McCarthy akaenda NFL. Vitu vitatu vimebadilika siku moja. Kila mtu humu atachota anachokipenda.

#29 Mkanda_wa_Jumatatu
Mnaona? Kocha!

#30 Chai_ya_Rangi
Chai imeiva, nimesoma yote. Nilisema napinga, ila sasa sijui nimpinge nani, maana mmepingana vya kutosha. Nina dogo tu. Wote mnamtaja anayechomoka, hakuna aliyetaja nafasi anayoiacha. Gadi wa kushoto akiondoka, mlinzi aliyekuwa mbele yake anazuiwa na nani? Ni senta, anampiga akirudi upande wa kushoto, na mtu akiwa mbali kidogo ya bega lake hilo ndilo pigo gumu kuliko yote kwenye pawa. Vastardis aliingia Michigan bila ufadhili, 2020 ndiyo mara ya kwanza kukabidhiwa namba, na 2021 alibaki kwa mwaka wa sita kwa sababu msimu wa korona haukuhesabiwa. Fungueni mkanda wa Ohio State 2021, kila gadi anapochomoka msimfuate. Bakini na senta, muangalie kichwa chake kinatua upande gani wa yule mlinzi. Kikitua mbele yake, mlinzi hafukuzii. Kikitua nyuma, mbeba mpira anadakwa kwa kisigino. Mkimaliza kuhesabu leteni idadi, halafu mfanye hivyohivyo kwa Wisconsin 2020.

#31 Mwanafunzi_Mvivu
Nimeanza. Robo ya kwanza tayari. Kuna mtu anajua kama namba 68 ndiye senta au nimehesabu tekoli muda wote huu?